Kidonda Kisichochonyota

Kwetu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mtoto akijikata haulizwi kidonda kina ukubwa gani. Linaloulizwa ni maji yako wapi, yanajaa au yanatoka. Yakiwa karibu, anashikwa mkono anateremshwa pwani. Yakiwa yametoka mpaka kwenye mwamba, anatembezwa ayafuate huko huko, anachechemea na kulia.

Mimi niliteremshwa nikiwa na miaka 8, siku jembe lilipoteleza likanipasua mgongo wa mguu. Bibi yangu mzaa mama alinikalisha kwenye jiwe, akautia mguu wangu kwenye kidimbwi na kuukandamiza humo kwa mkono uliokuwa mgumu kama kamba ya usumba. Nikapiga kelele. 

"Kinachonyota?" akaniuliza.

"Kinachonyota bibi, kinachonyota!"

"Basi kinapona."

Tulifanya hivyo kila jioni kwa kiasi cha wiki moja. Kidonda kikafunga, na kovu lake ninalo mpaka leo. Na lile neno la bibi, kwamba kinachochonyota ndicho kinachopona, ndilo nililokwenda nalo miaka hamsini baadaye mpaka likanipotezea vidole viwili vya mguu. Sisemi kwamba bibi alidanganya. Alisema alichokiona, kwenye mguu wa mtoto mzima wa afya. Mimi nilikichukua kipimo chake nikakipeleka kwenye mguu mwingine.

Niseme mapema kwamba nilisomesha sayansi skuli kwa miaka 31, ili asije mtu akadhani haya yalinipata kwa kukosa elimu. Habari za bakteria nimezichora ubaoni kwa chaki za rangi. Lakini mambo ya skuli yalikuwa na mlango wake na mambo ya nyumbani yana mlango wake, nami kila jioni nilikuwa nikitoka kwenye ule wa kwanza naufunga nyuma yangu.

Nilipostaafu niliingia kwenye mwani kama wenzangu. Kilimo hiki kilianza huku kwetu, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa kazi ya wanawake zaidi. Ni kazi ya bamvua. Maji yanapotoka sana ndipo tunapoingia, tunakaza vijiti mchangani, tunafunga mbegu kwenye kamba kwa vile vikamba vidogo tunavyoviita taitai, tunainama hivyo mpaka maji yarudi yatufukuze. Januari ya 2018, kaskazi likivuma na maji ya pwani yamepata moto kama ya kuogea, nilikuwa kwenye kamba zangu nimevaa soksi tu, viatu vya plastiki vimekatika siku mbili kabla. Nikakanyaga panga. Wanaoijua pwani wanalijua: lile kombe refu linalosimama wima mchangani, nusu limezikwa, ukingo wake umeelekea juu.

Jambo la kushangaza, ambalo siku ile halikunishangaza, ni kwamba sikusikia. Niliona maji yamekuwa mekundu, nikaangalia mikono yangu kwanza. Ndipo nikainua mguu, nikaona soksi imechanika chini ya kidole cha mwisho na nyama imefunguka kama mdomo.

Wenzangu walinifunga kitambaa, nikamaliza kazi. Sikuhofu. Si nilikuwa ndani ya dawa?

Kuanzia siku ile nikafanya kama bibi. Kila jioni nateremka, nakaa kwenye jiwe, nautia mguu majini. Siku ya kwanza nilikunja uso nikisubiri kuchonyota. Hakikuchonyota. Nikasema alhamdulillahi, mambo mepesi, na uzee nao una nafuu yake. Wiki ya kwanza ikapita, kidonda kikiwa cheupe kingoni, kimelowa kama ngozi ya mwosha nguo. Wiki ya pili kikaanza kutoa maji. Nilikwenda duka la dawa nikapewa kapsuli za rangi mbili, na jirani akanielekeza nisizimeze, nizifungue ninyunyize unga wake juu ya kidonda. Nikanyunyiza. Unga ukaganda, chini yake kikaendelea na mambo yake.

Harufu ilikuwepo. Lakini nyumba ya mkulima wa mwani ina harufu tayari, mwani umeanikwa uwani tangu mlangoni, na mimi ile nyingine nikaisingizia mwani. Vilevile nilikuwa nikiamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo, na kiu haikatiki hata kwa dumu zima. Nikasema ni joto la kaskazi. Mtu akitaka kujificha jambo hakosi pa kulitia.

Maji mafu yalipoingia, pwani ikawa mbali na mguu mzito, nikahamia kwenye beseni. Usiku mmoja nilichemsha birika la maji, nikamimina, nikatia chumvi gao zima, nikachanganya na maji kidogo ya kisimani, nikautia mguu nikakaa nasikiliza redio. Nilikaa kama nusu saa. Mjukuu wangu, msichana wa miaka 6, akaja kucheza karibu yangu, akatia mkono kwenye beseni kama watoto wanavyofanya. Akautoa kwa yowe.

"Bibi! Yanaunguza!"

Nikamwambia hayaunguzi, mbona bibi nimekaa humu. Akaniangalia mimi, akaliangalia beseni, akaanza kulia. Nikatia mkono wangu mwenyewe. Nikautoa.

Asubuhi malengelenge yalikuwa yamefunika mgongo wa mguu, moja kubwa kama yai la kuku. Sikusikia maumivu hata kidogo. Nilikaa kitandani naliangalia lile lengelenge kama la mguu wa mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza mwalimu wa sayansi akagonga mlango wa nyumbani. Mguu usiosikia panga, usiosikia chumvi, usiosikia maji yaliyotoka jikoni, haukuwa unapona. Ulikuwa umekufa ganzi.

Kituo cha afya walinichoma kidole kabla hata ya kufungua kitambaa. Kipimo kikasoma 19. Mtu mzima ambaye hajala kitu asubuhi akifika 7 anahesabiwa ana kisukari, na mimi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nilikuwa na kisukari, na kwa alivyosema daktari baadaye, nimekuwa nacho kwa miaka. Nikaandikiwa kwenda hospitali ya mjini siku ile ile.

Nilikataa kwanza. Niwe mkweli. Kwetu wanasema ukienda mjini na kidonda cha mguu unarudi bila mguu, na mifano ipo mitaani, unaitembelea. Mwanangu wa pili, anayefanya kazi hotelini Paje, alikuja na gari ya kuazima, akasimama mlangoni hakutaka kukaa. "Mama, wanaokatwa ni waliochelewa kama wewe. Ukingoja kesho utakuwa umewazidi." Ni maneno makali kuambiwa na mtoto uliyemzaa. Niliingia garini.

Daktari wa mjini alikuwa kijana, ningeweza kuwa nimemsomesha. Aliniamkia vizuri, akaniambia nifumbe macho, kila nitakaposikia kitu kinagusa wayo niseme ndiyo. Nikafumba. Nikasubiri. Baada ya muda nikamuuliza, "Mwanangu, unaanza lini?" Hakujibu. Nilipofumbua alikuwa ameshika kijiti chenye uzi wa nailoni mgumu, mwembamba kama wa mshipi wa kuvulia changu. Alikuwa ameshanigusa mara kumi.

Akanieleza kwa upole. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, na miguu ndiyo inayotangulia. Inabana pia mishipa midogo ya damu, kwa hiyo hata askari wa mwili hawafiki pale penye vita. Mtu anakanyaga msumari anatembea nao. Anaungua hajui. Anatembelea kidonda kutwa kwa sababu hakuna kinachomwambia asikitembelee.

Walinipeleka chumba cha upasuaji mara mbili. Mara ya kwanza walikata nyama iliyokufa, mara ya pili wakaondoa kidole cha mwisho na jirani yake, mfupa ulikuwa umeshaingiliwa. Nililala wodini siku 23. Insulini, dawa za mishipani, sindano ya pepopunda, na kila asubuhi kusafishwa kidonda.

Na hapo ndipo penye kisa chenyewe. Asubuhi ya kwanza nesi alifungua bandeji, akachukua chupa ya plastiki kama ya dripu, akaitoboa, akaanza kunimiminia maji kidogo kidogo ndani ya kidonda, yanateremka kwenye kidishi. Nikamuuliza ni dawa gani hiyo, sista.

"Maji ya chumvi tu, Bi Mkubwa."

Nilicheka mpaka wagonjwa wenzangu wakageuka. Nimetoka Jambiani, nimepita njia nzima nikijilaumu kwa maji ya chumvi, naletwa hospitali kubwa kuja kumiminiwa maji ya chumvi!

Lakini chupa ilikuwa na maandishi, na mimi ni mwalimu, nikaisoma. Asilimia 0.9. Maana yake gramu 9 za chumvi kwa lita moja. Bahari ina kiasi cha gramu 35 kwa lita, karibu mara nne. Gramu 9 ndizo zinazolingana na majimaji ya mwili wenyewe, ndiyo maana maji yale hayachonyoti hata kwa mtu mwenye fahamu zake kamili. Nilimuuliza kijana wa kitanda cha pili, aliyevunjika mguu kwa pikipiki na anayelia hata akiguswa shuka. Akasema maji ndiyo sehemu pekee ya kusafishwa isiyomuuma.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Nilikuwa nikisomesha kwa kipande cha muhogo: ukikitia kwenye maji ya chumvi kali, kesho unakikuta kimenywea, maji yamevutwa nje. Chumvi kali huwafanyia hivyo bakteria, ni kweli, na bibi hakukosea kabisa. Lakini haichagui. Nyama changa inayoota chini ya kidonda nayo ni muhogo. Tena wako bakteria wasiojali. Yule anayeitwa stafilokokasi, mwenyeji mkubwa wa vidonda na majipu, anaoteshwa maabara kwenye chakula chenye chumvi asilimia 7.5, zaidi ya mara mbili ya bahari, kwa sababu wengi wengine wanashindwa humo na yeye anastawi. Na bahari ya joto ina wakazi wake, jamii ya vibrio, ndugu wa wale wa kipindupindu, ambao chumvi kwao ni nyumbani. Wakiingia kwenye kidonda cha mtu mwenye kisukari au ini bovu, wanaweza kumuua. Haya niliyajua nusu nusu nilipokuwa kazini. Sikuwahi kuyapeleka pwani.

Yule daktari kijana, aliponiona nadadisi, alinisimulia habari ambayo baadaye niliitafuta nikaisoma mwenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani wa Uingereza wengi waliungua ndani ya ndege zao. Daktari mmoja mzaliwa wa New Zealand, Archibald McIndoe, aliyekuwa akiwatibu katika mji wa East Grinstead, aliona kwamba waliodondokea baharini majeraha yao yalikuwa na hali bora kuliko ya walioanguka nchi kavu. Nilipofika hapo nilitaka kumwita bibi kaburini aje asikilize. Lakini angalia alichokifanya McIndoe. Hakuwarudisha marubani baharini. Alitengeneza mabafu ya maji ya chumvi yaliyopimwa, ya uvuguvugu, yanayobadilishwa, wakalowekwa humo mpaka bandeji zilizoganda zikaachia zenyewe bila kuchuna ngozi mpya. Akaachana na dawa ya tanini iliyokuwa ikitumika, iliyokuwa ikitengeneza gamba gumu juu ya jeraha. Halafu akawapasua na kuwabandika ngozi, mara nyingi nyingi. Wagonjwa wale waliunda chama chao mwaka 1941, na hakuna popote niliposoma kwamba chumvi peke yake ndiyo iliyowapa nyuso mpya.

Kitu cha pili nilichojifunza kilinivunja moyo kama mtu aliyelelewa kwa kipimo cha kuchonyota. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wagonjwa zaidi ya 2,400 waliovunjika mifupa na ngozi juu yake ikafunguka. Wengine walioshwa jeraha kwa maji ya chumvi ya hospitali, wengine kwa maji yenye sabuni. Wa sabuni ndio waliorudi zaidi chumba cha upasuaji. Ukali haukusaidia. Na watafiti wengine walipolinganisha maji ya chumvi na maji safi ya bomba kwa vidonda vya kawaida, hawakuona kwamba maji ya bomba yanaleta usaha zaidi. Kazi ni kuondoa mchanga, damu iliyoganda na uchafu kwa maji mengi yasiyoumiza. Kuponya ni kazi ya damu, na damu yangu ilikuwa sharubati.

Kurudi nyumbani kulikuwa kugumu kuliko hospitali. Miezi 4 ya kufungua na kufunga. Siku moja kituo cha afya, siku moja nyumbani, mkwe wangu akinisafisha. Gozi zinakwisha, bandeji zinafuliwa na kuanikwa juani, vipuli vyangu vya dhahabu vikaenda kwa sonara. Wenzangu wa mwani walizitunza kamba zangu bamvua nne mfululizo na kuniletea fedha yangu mkononi, na hili nitawalipa kwa dua maana fedha hawakutaka. Dawa iliyokuwa chungu kuliko insulini ilikuwa kutokanyaga. Mwanamke wa pwani aliyezoea kuamkia majini, anaambiwa akae na magongo, mguu juu ya mto. Nililia zaidi kwa hilo kuliko kwa vidole. Lakini daktari aliniambia wazi: kila unapokanyaga unafungua alichokifunga nesi.

Mwezi wa tatu kidonda kilianza kujaa kutoka chini, nyama nyekundu yenye chembechembe kama mbegu za komamanga. Na siku moja, mkwe wangu akinimiminia maji, nikasikia baridi. Kidogo tu, upande wa ndani wa wayo, pale ambapo fahamu hazikufa zote. Nilimwambia arudie. Akarudia mara tatu, tukicheka wote wawili kama wendawazimu.

Leo sukari yangu inasoma kati ya 6 na 8 asubuhi nyingi, kwa vidonge, kwa mchele uliopunguzwa na kwa kutembea. Nimerudi kwenye mwani, nimevaa buti za mpira mpaka magotini, wenzangu wananiita askari wa zimamoto. Kila usiku nageuza wayo kwenye kioo cha mkono. Nikijikwaruza ninatumia maji ya chumvi bado, na hapa sitii chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemka na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa, naosha mara moja, nakausha, nafunika. Siloweki. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi yake na mengine nisiyoyajua, kwa hiyo siyatumii bila kuchemsha. Na mkono wa mjukuu wangu, ambaye sasa ni mkubwa, ndio unaoingia kwanza kwenye kila beseni.

Sijawakataza watu pwani. Mtoto akijikata akaoshwa kwa maji ya bahari kwa kuwa hakuna mengine karibu, mchanga utoke, damu ikome, kisha akapelekwa nyumbani akaoshwa kwa maji safi, sina ugomvi naye. Kidonda kirefu, kilichoingia mwiba wa taa, msumari au kinyesi cha mnyama, hicho kinataka sindano ya pepopunda na mtu wa kukiangalia, hata kama kinaonekana kizuri.

Lakini wewe mwenye miaka arubaini na kwenda juu, unayeamka usiku kwenda haja ndogo na kunywa maji usishibe, kama una kidonda cha mguu kimezidi wiki mbili na ukikitia chumvi hakichonyoti, usifurahi. Usikirudishe pwani. Nenda kituo cha afya leo, na kabla hawajafungua kitambaa, waambie wakupime sukari.